Panya Kwanza, Mtu Baadaye

Kipande chenyewe kilikuwa na herufi elfu mbili mia moja na nne, na hakikuwa cha panya.

Nikatoka, nikanywa maji, nikarudi nikasoma tena. Bado kilikuwepo.

Ukikaa na kitabu kimoja mwaka mzima unakijua hata ukifumba macho. Changu mimi ni malaria ya panya: herufi za vinasaba milioni kumi na nane na ushee, zimepangwa mafungu kumi na manne. Kila msimu, kabla mvua hazijaanza, mashine inakisoma chote upya kutoka kwenye damu ya panya wetu, na mimi nalinganisha na nakala mama. Ikipishana herufi moja hapa, moja pale, sawa tu, kimelea ni kiumbe, anabadilika. Lakini leo mwishoni mwa fungu la kumi palikuwa na maneno ya mdudu mwingine kabisa. Malaria ya watu. Ile ambayo Ukanda wetu wa kinga ulitangaza imekwisha kabla mimi sijazaliwa.

Ile sindano tunayochomwa bega la kushoto kila msimu, ndani yake wamo hawa hawa wa panya, wakiwa hai. Wanaingia kwenye ini, mwili unashtuka, unajifunza sura zao, halafu wanakufa wenyewe kwa sababu damu ya mtu hawaiwezi. Siri yote ya kinga ni hiyo, hawaiwezi damu ya mtu. Sasa kama kuna mtu amewapachika maneno ya malaria ya watu, nani anajua kesho wataweza nini? Na msimu huu mbegu ya sindano inayotoka kwetu inaenda kwa watu milioni nne.

Panya hawezi kujiandikia maneno. Kuna mkono wa mtu.

Na aliyenijia kichwani wa kwanza ni mtani wangu, Mzee Kaspar. Sikupenda alivyonijia haraka.

*

Kituo cha Kilambwe kina watu wawili tu wanaogusa damu. Mimi Tunu, msomaji, na yeye, mtunza panya. Kazi nyingine zote ni za mashine. Mzee Kaspar Mkude ana miaka sitini na moja, Mluguru wa juu milimani kabisa. Mimi Mzigua wa Handeni. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ni utani mtupu. Yeye ananiita mtumwa wangu. Mimi namuuliza kama leo ameshuka mlimani kwa miguu au kwa kubingirika. Nikiacha chakula mezani anakula, na sina pa kumshitaki. Mwaka jana alichukua koti langu akakaa nalo wiki mbili, mpaka nikalikomboa kwa maandazi kumi. Ndiyo utani ulivyo. Cha mtani ni chako, ila akikitaka sana anakuja kukikomboa.

Yeye ndiye aliyenifundisha damu ya salamu. Kila asubuhi kabla ya kazi tunatengeneza slaidi moja ya kupima kama dawa ya rangi bado nzuri. Upande wa kushoto tone la damu ya panya, kutoka mkiani. Upande wa kulia tone la damu yako mwenyewe, kutoka kidoleni. Ukiona chini ya hadubini pande zote zimeshika rangi, siku imefunguka. Mashine haihitaji kitu hicho hata kidogo. Lakini yeye anasema mashine ilimkuta kazini, haikumleta.

Mirija ile myembamba ya kioo tunaletewa michache, kwa hiyo mmoja unafanya kazi pande zote mbili. Unavuta damu ya panya, nyingine unaiweka kwenye kichupa cha mashine, tone unalidondosha kwenye slaidi. Ndipo unachoma kidole chako. Alinikaririsha kama mtoto wa madrasa, ingawa yeye ni Mkatoliki: panya kwanza, mtu baadaye.

Sasa nikaanza kuunganisha mambo.

Wiki tatu nyuma, ghafla tu, Mzee Kaspar alinikataza kuchoma kidole. Akasema salamu atakuwa anafanya peke yake, mimi nihangaike na kompyuta zangu. Nikadhani ananionea huruma. Halafu akawa na kitu kwenye mfuko wa shati, kimefungwa kwa tishu, na kila akiinama anakipapasa kama mtu anayeogopa yai lisipasuke. Nilipomuuliza akasema ni picha ya mchumba wake wa Kizigua, eti alimkimbia baada ya kuona binti anavyokula.

Nilicheka siku ile. Leo sikucheka. Nikaenda kwenye boksi la slaidi za mwezi uliopita. Zimepangwa kwa tarehe, kila moja kwenye tundu lake. Tundu la tarehe kumi na nne lilikuwa tupu. Na damu iliyosomwa na mashine, yenye kile kipande, ilikuwa ya tarehe ngapi? Kumi na nne.

Halafu nikakumbuka la jana. Alipita nyuma yangu akaniambia nifute jalala, eti mashine inajaa. Jalala ni pale mashine inapotupa herufi isizozitaka: vinasaba vya panya mwenyewe na vya mtu yeyote aliyegusa damu, ili kibaki kitabu cha kimelea tu. Sasa huyu mzee, simu yake ya vitufe, meseji anasomewa na mimi, lini amejua habari za jalala?

Hapo nikaona kimenuka. Simu ilikuwa mkononi, kama kawaida yangu. Nikafungua Mlinzi, programu ya kupeleka taarifa Ukanda, nikabonyeza pale pekundu, nikaandika: Kilambwe, mbegu imechezewa, namshuku Kaspar Mkude.

Nikatuma, na simu ikatetemeka kidogo kuonyesha imefika.

*

Afisa wa Ukanda alifika saa nne asubuhi na vijana wawili wenye glavu. Anaitwa Sarapia, mwanamke mrefu, mpole, anayeongea taratibu mpaka unajikuta unasogea umsikie. Akaniuliza maswali matatu, akaandika, akaomba aonyeshwe mtunza panya.

Mzee Kaspar alikuwa chumba cha panya anabadilisha maranda. Aliposomewa kwamba anashukiwa kuchezea mbegu, akaangalia nyuma ya Afisa, akaniona nimesimama mlangoni, akaanza kucheka. Alicheka kutoka tumboni.

"Mtumwa wangu," akasema, "leo umeniweza. Hawa watu umewakodi wapi?"

Alidhani ni utani.

Mimi nikaangalia sakafu. Kicheko kikamwishia pole pole, nikasikia kinavyokwisha, halafu nikasikia panya tu wakikwaruza. Mmoja wa wale vijana akamsachi. Mfuko wa shati ulikuwa mtupu. Afisa akamuuliza slaidi ya tarehe kumi na nne iko wapi, akasema hajui, labda imevunjika. Akamuuliza kwa nini alitaka jalala lifutwe. Akainama kuokota maranda. Mimi moyoni nikasema, unaona sasa.

Wakamfungia stoo ya chakula cha panya wakisubiri gari la ngome. Anayechezea mbegu anapelekwa ngome na haonekani tena Ukandani. Hilo kila mtoto analijua.

Afisa Sarapia akaniambia kilichobaki ni ripoti yangu. Nimwonyeshe mahali kipande kilipoungwa, niweke sahihi, basi. Gari lingefika saa nane.

*

Ripoti yenyewe ilikuwa kazi ya nusu saa. Nilitaka picha moja safi ya kile kiungo, pale maneno ya panya yanapokutana na maneno ya watu.

Nikueleze kidogo mashine inavyosoma. Haisomi kitabu kizima kwa mkupuo. Inasoma vipande vidogo vidogo, mamilioni, kama mtu aliyechana gazeti, halafu inaviunganisha kwa kutafuta mahali vinapolaliana. Kwa hiyo kama kweli mtu aliingiza maneno mageni, lazima uvikute vipande vingi ambavyo nusu yake ni ya panya na nusu ni ya watu. Vinavuka kiungo, kama daraja.

Nikafungua vipande. Nikatafuta kimoja kinachovuka.

Hakuna.

Nikatafuta tena. Upande huu, vipande mia tatu vya panya, vinafika ukingoni vinakoma. Upande ule, vipande vinne vya malaria ya watu, vinaanzia ukingoni. Katikati hapana hata kimoja. Mashine ilidanganyika tu. Wadudu hawa ni ndugu, kuna maneno yao yanafanana, ikaona mkia wa huyu unafanana na kichwa cha yule, ikavibandika pamoja.

Mbegu haikuchezewa. Kulikuwa na damu nyingine ndani ya kichupa. Damu ya mtu, na mtu huyo ana malaria.

Nikakaa. Nikajiambia, sawa, basi ni yake. Mzee ana malaria, damu yake ikaingia, akaficha slaidi ili asipelekwe Nyumba ya Mpaka. Ukikutwa na malaria ya watu unapelekwa huko miaka mitatu. Wanataka kujua mdudu alipenyaje kwenye kinga, na njia ya kujua ni kukaa na damu yako. Nikajiambia basi, kosa lipo, ila ni dogo kuliko nililomshitakia.

Jalala lilikuwa bado, sikulifuta. Nikalifungua. Kulikuwa na lundo la vinasaba vya panya, na chini yake kilundo cha vinasaba vya mtu. Ukandani kila mtu ana kadi ya afya yenye vinasaba vyake, na msomaji ana ruhusa ya kutafuta. Nikabonyeza, nikasubiri litokee jina la Kaspar Mkude.

Likatokea jina langu.

Nakumbuka nilikuwa naishika simu kwa nguvu mpaka ikajiwasha tochi.

Tarehe kumi na nne. Ni siku ile panya namba tisa alipotoroka. Mzee Kaspar alikuwa chini ya rafu anatambaa kwa magoti, anamwita yule panya kwa jina la shemeji yake, na mimi namrekodi huku nimekufa kwa kicheko. Na kwa sababu nilikuwa nasubiri, na mimi kusubiri siwezi, nikachoma kidole changu kabisa. Nikavuta damu yangu kwa mrija, nikadondosha tone langu upande wa kulia. Alipomleta namba tisa nikavuta ya panya. Kwa mrija ule ule, nikaweka na kwenye kichupa cha mashine.

Mtu kwanza, panya baadaye. Video nilikuwa nayo kwenye simu. Nikaiangalia. Mwishoni kabisa mkono wangu unaonekana, na mrija, na kidole kina damu.

Na malaria niliitoa wapi? Hilo nalo nililijua papo hapo. Bibi yangu alifariki mwezi wa tatu. Handeni iko nje ya Ukanda, kibali cha kuvuka kinachukua siku tisa, na maiti haisubiri siku tisa. Nilipita njia ya porini, nikalala matangani siku mbili, nikarudi. Mbu walikuwepo. Sikuumwa hata kichwa, nikasahau.

Ripoti ilikuwa mbele yangu na nafasi ya sahihi iko wazi. Saa sita kasoro.

*

Nikaomba ruhusa ya kumpelekea Mzee Kaspar uji. Afisa akasema mpelekee, akaangalia saa.

Alikuwa amekaa juu ya gunia la pumba, amevua viatu. Nilimpa kikombe, akanusa, akaniuliza kama Wazigua siku hizi wanaweka sumu kwanza au sukari kwanza. Akaniangalia vizuri, akaacha utani.

"Umefungua jalala," akasema.

Nikamuuliza yeye alijua tangu lini. Akasema tangu asubuhi ile ile. Aliweka slaidi chini ya hadubini kupima rangi, upande wa kulia akaona pete moja. Ndogo, ya bluu, na nukta yake nyekundu. Miaka thelathini na tano alikuwa hajaiona kwenye damu ya mtu. Alikaa akaiangalia mpaka macho yakatoa machozi, akitumaini ni uchafu wa dawa. Haikuwa uchafu. Alikuwa ameniona nikijichoma kabla ya panya, akajua iko na kwenye kichupa. Akampigia mpwa wake aliyewahi kufanya kazi na mashine kama hii mjini, akamuuliza mashine inatupa wapi damu ya mtu, ndipo akajifunza neno jalala. Alitaka nifute bila kujua ninafuta nini. Mtu asiyejua, alisema, hana cha kukiri.

Kumbe kila nilichokiona cha wizi kilikuwa kunificha mimi. Nikamwambia mbona hukunieleza, tungepanga pamoja.

"Wewe?" akasema. "Wewe ukila embe wilaya nzima inaona picha."

Tukacheka kidogo, kicheko kibaya. Halafu akasogea karibu. Slaidi ipo kwenye kibanda cha namba tisa, akanong'ona, chini ya maranda, pembeni ya bakuli la maji. Nikaivunje. Nikafute jalala, nikafute na video, niweke sahihi. Nikamwambia watampeleka ngome. Akasema anajua. Ana miaka sitini na moja, mke alishatangulia, magoti yamekwisha, huko ngome atapewa hata kitanda. Mimi bado kijana, hata Dar sijaimaliza.

"Si wewe tu, mtani," nikasema. "Huyu mdudu amepenya kwangu. Kinga ninayo, bega hili hapa, na amepenya. Aliyenipa mimi amempa na mwingine. Wakiteketeza mbegu nzuri na kumfunga mtu asiye na kosa, nani atamtafuta huyo mdudu?"

Alizungusha uji kwenye kikombe.

"Na mimi ndiye niliyekushitaki," nikasema.

"Hilo nalijua. Wewe ni mtani, unaruhusiwa." Akanirudishia kikombe, uji wote bado umo. "Kaivunje, Tunu."

Tangu nimfahamu hajawahi kuniita kwa jina.

*

Namba tisa alikuwa amelala juu ya slaidi. Ikabidi nimwombe radhi nimsogeze. Slaidi ilikuwa bado kwenye tishu, nzima, na tarehe imeandikwa kwa penseli, mwandiko wangu, T ndefu ile ninayoringia.

Nilikuwa naweza kuibana tu kwa vidole viwili. Kioo cha slaidi ni chembamba, kinakatika kama biskuti. Nilikibana kidogo, nikasikia kinavyokaza.

Nikaipeleka kwenye hadubini. Nilitafuta dakika kama kumi hivi, upande wa kulia, na mwishowe nikaikuta. Pete moja ndani ya chembe ya damu yangu, imetulia, nzuri hata, kama pete ya mtoto. Nilikuwa nimemsoma ndugu yake herufi milioni kumi na nane, sikuwahi kumwona huyu uso kwa uso. Na nikawaza kuna mtu mwingine sasa hivi, Handeni au hapa hapa Kilambwe, anauza nyanya au anamnyonyesha mtoto, naye anayo na hajui.

Saa saba na nusu nikaingia ofisini. Afisa Sarapia alinyoosha mkono kupokea ripoti. Nikamwekea juu ya meza slaidi, nikamwekea simu yangu, video imesimama pale kwenye kidole. Nikamweleza. Nilianza vizuri, nikaishia kuongea haraka haraka kama kawaida yangu, mpaka akaniomba nirudie kuanzia Handeni.

Aliandika mpaka mwisho, akajitumia ile video, akanirudishia simu. Kwa Mzee Kaspar, alisema, kuficha slaidi ni kosa, atapewa onyo la maandishi na atabaki na panya wake, kwa sababu hakuna mwingine anayewaweza. Kwangu hakusema sana. Alitoa pini mpya kwenye mfuko wa karatasi, akafungua mrija mpya, akaniangalia.

"Mkono," akasema.

Nikampa.

Gari la ngome lilipofika liligeuzwa njia, likaandikiwa Nyumba ya Mpaka. Niliruhusiwa begi moja. Mzee Kaspar alikuwa ametolewa stoo, amesimama kwenye ngazi bila viatu, pumba zimemganda kwenye suruali, na ameninunia hasa. Sikumsogelea. Nilikuwa nimeshapanda, nimetoa simu nimpigie mama, nikaona mkono unaingia dirishani.

Akaninyakua simu mkononi. Ya kwangu, ambayo tangu nimalize shule sijawahi kulala nayo mbali.

Nikamwambia mtani, leo hapana, nirudishie. Afisa akageuka kutaka kusema kitu, akatuangalia, akaacha.

"Mali ya mtumwa ni yangu," akasema Mzee Kaspar. Akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa shati, ule ule wa slaidi, akaupapasa. "Utakuja kuikomboa. Jogoo. Na asiwe wa kizungu, nitamjua."

"Miaka mitatu betri itakuwa imekufa," nikasema.

"Nitaichaji kila Jumapili."

Gari likaondoka. Nikageukia kioo cha nyuma. Alikuwa bado yuko kwenye ngazi, ameitoa simu, ameishika mbali na uso kama wazee wanavyoshika, anabonyeza bonyeza akitafuta vitufe.